Gari Ambalo Baba Hakulitambua

Mmeniuliza kwenye grupu gari liko wapi, tena mkatuma na vile vikatuni vya kucheka. Naandika mara moja ili nisiulizwe tena. Anayetaka kujua lilikuwa linatoa mwendo gani asiendelee kusoma, maana sitausema.

Kwa wasiojua mwanzo, gari lile lilikuwa la Baba. Alilinunua likiwa mtumba miaka kumi na minne iliyopita, alipokuwa dereva wa mradi wa visima, na hadi ananikabidhi mwaka jana baada ya macho yake kufifia, lilikuwa limetembea kilomita laki tatu na arobaini. Injini ya petroli, turbo yake ya kiwandani, haijawahi kufunguliwa. Baba alikuwa akiliwasha anasubiri lipate joto ndipo aondoke, na akifika hazimi mpaka turbo ipoe. Mimi mambo hayo niliyaona ya kizee.

Jumatatu ile Shangazi Maria, dada yake mkubwa anayeishi Kinyangiri, alituma ujumbe kwamba hali yake si nzuri na anataka kumwona mdogo wake. Hawa wawili hawakuwa wamesemeshana kwa miaka yote hiyo kumi na minne. Shangazi alimtamkia Baba neno zito mbele ya ukoo, na katika ukoo wetu neno la namna hiyo halifutwi kwa simu wala kwa kutuma mtu. Aliyelitamka ndiye anayelifuta, ana kwa ana. Anaweka maji mdomoni, anampulizia mwenzake kifuani, kisha anasema limekwisha. Akifa nalo, limebaki.

Baba akanipigia kutoka Mitundu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa habari njema akaogopa kuifurahia. "Lete gari Jumatano," alisema, "Alhamisi tuwe kwa dada. Na ulilete kama lilivyo."

Nikasema sawa, Baba. Wakati huo gari lilikuwa juu ya mawe kwa fundi Chidi.

Mnajua lilikuwa linafanywa nini, kwa sababu nyinyi ndio mlionishangilia. Chidi alifunga eksozi pana, akatoa boksi la chujio la hewa akaweka chujio la wazi, akaweka na kale kavali kanakotema hewa nje kwa kishindo ukiachia mafuta. Mwisho akapandisha presha ya turbo na kuichezea kompyuta ya injini. Mzee Hamisi, fundi wa mtaa wa pili ambaye amemtengenezea Baba miaka mingi, alishapima mgandamizo wa silinda akakuta ya tatu imechoka. Aliniambia injini hiyo bado itanitunza miaka ikiachwa na nguvu zake zile zile, ila nikiiongezea itanitia aibu. Nilimshukuru kwa adabu nikalipeleka kwa Chidi.

Jumatano ningeweza kusema rudisha kila kitu mahali pake. Badala yake nilimdanganya Baba kuwa kuna kifaa nakisubiri. Alhamisi tukalijaribu, bomba la hewa likachomoka. Ijumaa Chidi akalifunga upya. Jumamosi alfajiri ndiyo nikaondoka, siku tatu nyuma ya ahadi, nikijiambia kwamba kwa nguvu nilizoongeza nitazifidia njiani.

Singida hadi Manyoni

Lami hii mnaijua. Nilipita Ikungi jua halijachomoza vizuri, na nakiri nilikuwa na furaha ya kijinga. Kila nikiachia mafuta ile vali inatema, mbuzi wanaruka pembeni, mimi nacheka peke yangu ndani ya gari.

Shida ya kwanza ilikuwa wema wa watu. Bodaboda mmoja alinifukuza karibu kilomita nzima akipunga mkono, nikadhani ananisifia. Nilipomsubiri akaniambia tairi langu linavuja upepo, amesikia mwenyewe. Mbele kidogo wachunga ng'ombe wawili wakanisimamisha kwa sababu hiyo hiyo. Niliposimama kunywa chai, mama mmoja muuza kuku wa kukaanga akaacha beseni lake akaja kuinama kwenye kila gurudumu, moja baada ya jingine. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba si tairi, ni hewa ambayo turbo imeishindilia halafu inatolewa nje.

Akaitikia marahaba, akafikiri. "Sasa hiyo hewa unayoitupa, ulikuwa unaishindilia ya nini?"

Nikacheka, nikanunua paja na chipsi. 

Manyoni hadi Itigi

Manyoni nilifungua boneti kwa mazoea tu. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikachomoa tena. Oili ilikuwa imeshuka chini ya alama. Kutoka Singida tu. Nikakumbuka kwamba kwenye kioo cha nyuma nilikuwa naona kamoshi ka bluu kila nikikanyaga, nikajiambia ni eksozi mpya inajisafisha. Mtu anayetaka kudanganywa hakosi maneno, hata akiwa peke yake.

Kutafuta oili ya uzito ule kulinichukua saa nzima. Muuza vipuri alikuwa ameenda msibani, jirani yake ana funguo lakini hajui bei, tukampigia simu, simu inapokewa na mtu mwingine. Mwisho nikauziwa makopo mawili, nikatia moja, jingine nikaliweka nyuma ya kiti.

Itigi petroli ilikuwa imekwisha kwenye vituo. Wahudumu walikaa kivulini wakasema gari la mafuta liko njiani, na mjuavyo, gari la mafuta likiwa njiani halijulikani liko njia gani. Sikuweza kusubiri. Nikamfuata muuzaji mmoja mwenye madumu nyuma ya soko. Nilimuuliza kama ni safi. Akaapa kwa mama yake. Nikamwambia ajaze.

Sasa hapo mafundi mlioko kwenye grupu mmeshaelewa. Presha ya turbo iliyopandishwa inataka petroli nzuri, la sivyo mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na pistoni inapigwa nyundo kila mzunguko. Mimi nilielewa pia. Nililijua jambo hilo na bado nikamwambia ajaze.

Itigi hadi Mitundu

Njia ya kwenda Mitundu ni vumbi, na pembeni ni kile kichaka chetu cha Itigi, kimesongamana hata mbwa anatafuta pa kupita. Lile chujio la wazi lilikuwa linavuta vumbi lote lile. Nilipandisha vioo, nikawasha muziki kwa sauti kubwa, nikakanyaga, kwa sababu saa sita ilishapita na nilimwambia Baba nitafika saa nne.

Simu huko hushika ukipanda kilimani tu. Ndiyo maana Baba alikuwa ameniambia mapema kwamba nisiingie hadi nyumbani, atanisubiri njia panda ya kwetu na mzigo wake ili tugeuze hapo hapo. Nilisahau. Au nilikumbuka nusu, kwamba nikimwona nitasimama. Nilipita njia panda ile kwa mwendo ambao sikuona hata kama kuna mtu.

Nyumbani Mama alinipokea kwa uso wa kushangaa. Nikamsalimia, nikauliza Baba yuko wapi. Akasema tangu saa moja asubuhi yuko njia panda, amekataa hata mtu wa kukaa naye. Baba alimwambia macho hayahitajiki, gari lake atalisikia likiwa bado mbali.

Nikageuza. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, koti la kanisani, begi miguuni, chupa ya asali ya nyuki wadogo ameipakata. Vumbi langu lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Nilishuka nikampa shikamoo.

"Marahaba, Yona. Umekuja na nini?"

"Na gari, Baba."

Akageuza kichwa, akasikiliza eksozi inavyonguruma. "Lilipita gari la wahuni sasa hivi," akasema. "Nikasema huyu atagonga mbuzi za watu." Hapo alishaelewa. Alinyoosha mkono akapapasa boneti, taa, kioo cha pembeni chenye ufa aliouziba mwenyewe kwa gundi. Vyote vilikuwa vyake. "Sauti umeipeleka wapi?"

Nikaanza kumweleza habari ya nguvu, kwamba sasa tutafika mapema zaidi. Alipanda, akafunga mkanda, akaweka asali katikati ya magoti.

Mitundu kurudi Itigi, na mbele kidogo

Ndani ya begi la Baba Mama alikuwa ametufungia ugali wa uwele na mlenda, na Baba akala kidogo gari likitembea. Tulizungumza habari za mvua na za nyuki. Aliniuliza mara mbili kama Alhamisi kweli haikuwezekana, na mara mbili nikamwambia kifaa kilichelewa.

Tulipofika Itigi simu zikashika. Ujumbe wa Esta, binti wa Shangazi, uliingia mmoja nyuma ya mwingine. Wa mwisho ulisema mama amelala tu, anaita, njooni upesi. Nilimsomea Baba. Akasema, "Twende." Nikatia lile kopo la pili la oili, nikaingia lami, nikakanyaga.

Baba ndiye aliyesikia kwanza. Mimi eksozi ilishanifanya kiziwi. "Punguza," akasema. "Linagonga." Nikamwambia ni barabara. Akasema tena, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba amekaa na injini hii miaka kumi na mitatu na hiyo si barabara. Nikawaza nikipunguza tutafika usiku, na Shangazi anaita. Nikamwambia Baba, nakuomba, niachie mimi.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu baba yangu. Hajawahi kunikumbusha.

Hazikupita dakika kumi. Kulikuwa na mlio kama mtu amepiga sufuria kwa jiwe, gari likapoteza nguvu, kioo cha nyuma chote kikawa moshi. Likasimama lenyewe pembeni ya barabara, kichaka kushoto, kichaka kulia. Injini ilikuwa imenoki, imekufa kabisa. Baadaye Mzee Hamisi alilifuata lilikovutwa, akaifungua akanionyesha pistoni ya tatu, imetoboka katikati, na mapanga ya turbo yamelika kwa mchanga. Lakini pale barabarani sikuhitaji kuonyeshwa.

Manyoni

Lori la alizeti ndilo lililotuvuta. Dereva wake, mtu mzima wa makamo, alimsalimia Baba kwanza, akampandisha mbele naye kwa heshima zote, mimi nikabaki kushika usukani wa gari lililokufa. Njia nzima nilikuwa natazama visogo vyao. Walikuwa wanaongea na kucheka, madereva wawili. Hakutaka malipo. Aliponifungulia kamba aliiangalia ile eksozi yenye mdomo mpana, akaniuliza kama ni ya kupitishia maji ya mvua.

Magari ya kuelekea Singida jioni ile yalikuwa yamejaa yote, na mengine hayakusimama. Tukakaa kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi. Alituletea wali, maharage na kipande cha kuku kimoja, akakiweka kwenye sahani ya Baba bila kuuliza. Hapo ndipo Baba aliponiambia kitu ambacho sikuwa nakijua, kwa sababu kwetu watoto hawaelezwi ugomvi wa wakubwa.

Bibi alipofariki aliacha ng'ombe saba katika zizi la Shangazi. Baba aliwauza wote, Shangazi akiwa safarini, ili atimize bei ya gari. Lile gari. Aliporudi nalo Kinyangiri siku ya kwanza, Shangazi alitoka nje, akasimama mbele ya ukoo akasema mdogo wake asikanyage kwake tena, na mlio wa gari lile usisikike uani kwake akiwa hai.

"Neno alilitamka juu yangu na juu ya gari," Baba akasema. "Sasa ameagiza niende nalo. Amesema anataka alisikie likiingia, ajue limeingia kwa ruhusa yake. Ndipo anipulizie maji."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia ulilete kama lilivyo."

Mama ntilie alikuja kuuliza kama chakula hakijatupendeza. Nilisema kimependeza.

Manyoni hadi Singida, kwa basi

Basi la asubuhi tulilipata. Habari zake ni fupi. Baba alikaa dirishani ingawa haoni, chupa ya asali mapajani. Karibu na Ikungi kondakta alituomba tushuke kwa muda, mkanda wa feni umekatika, na tulikaa nusu saa tukimtazama dereva akiulaani. Yule mama muuza kuku akanitambua. Akauliza gari la upepo liko wapi. Nikamwambia limebaki Manyoni, na hadi leo liko huko. Akasema pole, mwanangu, na alisema kwa moyo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angenicheka.

Baba alimuuliza upepo gani. Akamweleza, na mikono yake juu, jinsi lilivyokuwa likitema. Baba akasikiliza hadi mwisho kama mtu anayepewa habari za mgonjwa.

Singida, Ilongero, Kinyangiri

Ilikuwa Jumapili, magari ya kwenda Mkalama, iliko Kinyangiri, hayajajaa. Tukachukua bodaboda mbili. Nilimwambia wa Baba aende taratibu, naye kweli akaenda taratibu, na mimi nyuma yake sikuthubutu kusema harakisha. Tulipita Ilongero watu wakitoka kanisani, tukapita mashamba ya mtama na alizeti iliyoinama, na Baba njia yote ameshika chupa ile kwa mkono mmoja na bega la kijana kwa mkono mwingine.

Tuliingia uani kwa Shangazi saa sita na nusu. Bodaboda zenyewe zilizimwa mbali kidogo kwa heshima ya mgonjwa, hivyo tuliingia kwa miguu, na hakukuwa na mlio wowote. Esta alitupokea mlangoni. Nikamsikia Baba akiuliza kwa Kinyiramba, na nikasikia jibu. Yuko hai. Lakini tangu alfajiri hajasema, na maji akipewa yanatoka pembeni.

Baba aliongozwa hadi kitandani. Akashika mkono wa dada yake, akajitaja jina. Alirudia mara kadhaa. Sijui kama Shangazi alisikia. Jicho lilikuwa linaangalia mlangoni, na Esta akasema limekuwa likiangalia hivyo tangu juzi. Chini ya kitanda kulikuwa na kibuyu kidogo cha maji, kimefunikwa na kisahani. Baba akaomba apewe. Akachovya kidole kwenye maji, akampaka Shangazi midomoni, kisha akachovya kwenye asali akampaka tena. Akainamisha kifua chake karibu kabisa na mdomo wa dada yake, akasubiri. Alisubiri muda mrefu, mgongo umepinda, na hakuna mtu chumbani aliyethubutu kumwambia ainuke.

Shangazi alifariki siku ile kabla ya saa kumi. Tulimzika Jumanne. Baba alisimama mbali na kaburi, nyuma ya watu wa pembeni, kwa sababu neno halikufutwa na yeye ni mtu wa kuheshimu maneno. Wazee walimwita asogee. Akasema aliyemkataza ndiye angemruhusu.

Sasa nimalizie na nyinyi. Baada ya mazishi Esta alinikalisha kivulini kwa ghala, akaniambia bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa. Alisema Alhamisi mama yake aliamka ana nguvu. Alikunywa uji wote. Akaomba avalishwe kitenge kizuri, akatolewa nje na kukaa kitako kwenye mkeka, kibuyu mapajani, uso umeelekea barabara. Kila gari likipita anauliza, na Esta anamjibu siyo hilo. Alikaa hivyo mpaka saa kumi, ndipo akasema wamrudishe ndani. Hakuketi tena.

Ile video niliyowarushia, ya majaribio, nikiwa barabara hii hii ya Ilongero, vali inatema, Chidi anashangilia dirishani, niliiangalia tena jana. Ni ya Alhamisi, saa nane mchana. Mmeiwekea vidole gumba kumi na saba.